Brian's Song ya 1971 na ya 2001: ipi ya kutazama

Niseme mapema ili asiye na muda asihangaike: kama una jioni moja tu, tazama ya 1971. Ya 2001 ina mazuri yake mawili matatu, nitayafikia, lakini ya kwanza ndiyo filamu. Ya pili ni matanga yaliyoanza mgonjwa akiwa bado anakula ugali.

Wengi wetu hatukukulia na futiboli ya Kimarekani, kwa hiyo nianze na watu wenyewe, maana ni watu wa kweli. Brian Piccolo na Gale Sayers waliingia Chicago Bears mwaka mmoja, 1965, na wakawa wanagombea namba moja, ile ya kubeba mpira na kukimbia nao. Usawa wao uliishia hapo. Sayers alikuwa kipaji cha kutisha. Desemba ya mwaka huohuo, kwenye tope la uwanja wa Wrigley Field, alifunga mara 6 katika mechi moja dhidi ya San Francisco. Piccolo naye alikuwa ameongoza vyuo vyote vya Marekani kwa yadi za kukimbia mwaka 1964 akiwa Wake Forest, na bado ulipofika wakati wa timu kuchagua wachezaji, hakuna iliyomtaja. Bears walimchukua hivihivi, kwa mlango wa nyuma.

Sayers mweusi, wa Omaha, mkimya, mwenye haya mpaka inakera. Piccolo mweupe, aliyekulia Florida, mdomo hauna breki. Mwaka 1967 timu ikawapangia chumba kimoja, jambo ambalo Bears hawakuwahi kulifanya kwa mchezaji mweupe na mweusi. Novemba 1968 goti la Sayers likaharibika vibaya uwanjani, Piccolo akaingia badala yake, na ndiye huyohuyo aliyekuwa akimsukuma mwenzake afanye mazoezi, apone, aje ampokonye namba. Sayers akarudi 1969 na kuongoza ligi kwa yadi 1,032. Msimu huohuo, Novemba 16, wakicheza Atlanta, Piccolo alifunga, halafu akajitoa uwanjani mwenyewe kwa kukosa pumzi. Mtu aliyehangaika miaka yote apewe nafasi, anaomba kutoka. Walipompima wakakuta uvimbe kifuani, saratani ya zile seli za mbegu za uzazi ambazo kwa baadhi ya watu huota mahali pasipo pake. Juni 16, 1970 alifariki akiwa na miaka 26. Aliacha mke, Joy, na mabinti watatu.

Sayers alisimulia hayo kwenye kitabu chake cha 1970, I Am Third, na humo ndimo zilimotoka filamu zote mbili. Zote mbili ni za runinga, zote za kituo cha ABC. Ya kwanza ilirushwa Novemba 30, 1971, ikapokewa vizuri kiasi kwamba baadaye wakaipeleka kwenye kumbi za sinema, wakati kawaida ya mambo ni kinyume chake. Ya pili ilirushwa Desemba 2, 2001.

Mimi nahudumia wazee majumbani huku Illinois, na mmoja wa wazee wangu ni Bears damudamu. Kwake nimejifunza mchezo huu kuliko nilivyokusudia. Ya 1971 anayo kwenye diski, na huiomba kama wengine wanavyoomba chai. Ya 2001 niliitafuta mimi, baada ya dada mmoja wa Bukavu tunayepokezana naye zamu kuniambia kwamba hiyo mpya ndiyo iliyomliza. Mzee alikubali kuitazama kwa sharti kwamba atanung'unika apendavyo. Alitimiza.

Sasa ya kwanza. James Caan ndiye Piccolo, Billy Dee Williams ndiye Sayers, na wakati huo wote wawili walikuwa hawajawa majina makubwa. Haifiki hata saa moja na robo. Mwandishi wa muswada, William Blinn, alifanya jambo ambalo naliona la kijasiri: karibu nusu nzima ya filamu hakuna ugonjwa wowote. Sauti ya msimulizi inakuonya mwanzoni kabisa kwamba hadithi hii ni ya kweli na kuna kifo ndani yake, halafu onyo linawekwa kando na unaletewa vituko. Sayers anafika kambini, kijana mgeni, anakwenda kuonana na kocha George Halas, mzee mkali aliyeianzisha timu hiyo. Piccolo anamdokeza kwamba mzee hasikii sikio moja, asimame upande ule mwingine. Basi umwone Sayers mbele ya meza ya mkubwa, anazunguka huku na huku akitafuta sikio lenye kusikia, na Halas anamtazama asijue kijana huyu ana wazimu wa aina gani. Sikio la Halas halina hata chembe ya tatizo.

Kuna utani wa mezani, wachezaji wapya wanalazimishwa kusimama na kuimba wimbo wa chuo chao. Kuna Sayers anayetakiwa kutoa hotuba fupi ya shukrani kwa tuzo, Piccolo anamfundisha chumbani, wanarudia na kurudia, halafu siku ikifika Sayers anasimama, maneno yote yanamkimbia, anashukuru na kukaa. Unacheka. Hujui kwamba umeshawekewa mtego wa saa nzima mbele.

Na kuna ile ya chumba cha chini ya nyumba, Sayers ameumia goti, amekata tamaa, hataki mazoezi. Piccolo kambebea vifaa vya kunyanyulia uzito mpaka kwake. Amejaribu kumbembeleza, haikusaidia. Basi anaamua kumchokoza ili apandishe hasira, na anamtupia lile tusi la rangi, lile lenyewe, waziwazi. Anakosea namna ya kulitamka, ulimi wake hauna mazoea nalo, na Sayers badala ya kukasirika anaangua kicheko, wote wawili wanabaki wanacheka mpaka pumzi inawaishia. Mara ya kwanza nilijikunyata kwenye kiti. Mzee wangu ni mweupe, mimi mweusi, tumekaa wawili sebuleni, sikujua nielekeze macho wapi. Yeye alikuwa anatazama dirisha. Sina hakika kama mwandishi wa leo angethubutu kuiweka, na sina hakika kama ningependa athubutu, lakini ndani ya filamu ile inafanya kazi yake: baada ya hapo huna shaka kwamba hawa ni marafiki.

Ugonjwa unaingia kimyakimya. Piccolo anapungua uzito, anachelewa kwenye mbio, kuna kikohozi. Hakuna muziki wa kutisha. Hilo ndilo linalonifanya niisifu kuliko filamu nyingi za wagonjwa nilizowahi kuona, kwa sababu majumbani ndivyo inavyokuja. Mke anaona mkanda umesogezwa tundu moja. Mtu anasema ni uchovu. Halafu siku moja unajikuta umekaa kwenye viti vya plastiki unasubiri daktari atoke.

Hata hospitalini Piccolo haachi. Sayers anamtolea damu, na anapomtembelea, Piccolo anamwambia kwamba tangu aongezwe damu hiyo amekuwa na hamu ya ajabu ya utumbo wa nguruwe, chakula ambacho Marekani watu hukihusisha na weusi wa kusini. Caan anasema hivyo akiwa amelala, sauti imepungua nguvu, lakini jicho ni lilelile la siku ya kambini. Nimehudumia watu wa namna hii. Mwili unakwisha, mzaha unabaki, na ndugu ndio wanaoshindwa kucheka.

Halafu ile hotuba. Mei 1970, New York, Sayers anapewa tuzo ya mchezaji jasiri kuliko wote, kwa sababu ya goti lake. Hili lilitokea kweli. Anasimama mbele ya watu na kusema kwamba wamempa asiyestahili, tuzo ni ya Brian Piccolo. Anasema anampenda Brian, anawaomba nao wampende, na usiku wakipiga magoti wamwombe Mungu ampende pia. Williams anaisema polepole, anasita kila baada ya maneno machache, na unakumbuka kijana yule aliyesahau kila kitu na kukaa. Mtego unafyatuka. Mzee wangu hapo huvua miwani na kuanza kuifuta, miwani ambayo haina vumbi.

Kuna sentensi moja karibu na mwisho ambayo asiyejua mchezo itampita, kwa hiyo niifafanue. Timu huwa na majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10. Ukifika jaribio la nne na bado unadaiwa yadi nyingi, mwenye akili zake anaupiga mpira mbali kwa mguu na kuwaachia wapinzani waanzie huko. Kujaribu kukimbia nao ni kamari. Piccolo kitandani anamwambia Sayers kwamba sasa ni jaribio la nne, zimebaki yadi 8, na hawamruhusu kuupiga. Sayers anamjibu basi, pambana. Hakuna zaidi ya hapo. Wanaume wawili wanazungumzia kifo kwa lugha ya kazi yao, na hakuna mtu anayewatafsiria watazamaji.

Nimpe haki yake pia Jack Warden, anayecheza Halas. Kocha anayependa wachezaji wake na kuona aibu kuonekana anawapenda. Alipata tuzo ya Emmy, ile ya runinga ya Marekani, kwa kazi hiyo, Blinn akapata yake kwa muswada, na filamu yenyewe ikatajwa programu bora ya mwaka katika fungu lake. Caan na Williams waliteuliwa wote wawili na kurudi nyumbani mikono mitupu.

Kasoro zake? Kubwa ni mwili. Caan anakufa akiwa na mashavu. Wamempaka weupe kidogo usoni, basi. Piccolo halisi alipasuliwa kwenye hospitali ya Memorial ya New York, wakatoa uvimbe. Mwaka uliofuata wakarudi kuondoa pafu la kushoto pamoja na misuli ya kifua. Juni ikaonekana saratani imesambaa, hasa kwenye ini. Mtu aliyepita huko hana sura ile. Ninayewageuza wagonjwa kitandani kila baada ya saa mbili nikimwona Caan amelala pale, shuka imenyooka hata haina mkunjo, siwezi kujizuia kuguna. Kasoro nyingine ni wake zao. Shelley Fabares akiwa Joy na Judy Pace akiwa Linda Sayers wanafanya walichopewa, na walichopewa ni kutabasamu nusu ya kwanza na kulia nusu ya pili. Watoto watatu wa Piccolo ni kama fanicha. Nani alikuwa analala na watoto hao wakati mama yuko New York? Filamu haiulizi.

Na hapo ndipo ya 2001 inapopata pointi zake. Muongozaji John Gray amewapa wanawake nafasi. Joy, anayechezwa na Paula Cale, ana hofu, ana hasira, ana uchovu wa mtu anayeendesha nyumba na kukaa hospitalini kwa pamoja. Linda, anayechezwa na Elise Neal, si kivuli cha mume. Urafiki wa wanawake hawa wawili unaonekana ukikua pembeni ya ule wa waume zao. Yule dada wa Bukavu hapo ndipo alipoilia, na namwelewa: alimuuguza mama yake mwenyewe, na anasema katika filamu za wagonjwa anatafuta mtu anayeshika beseni. Ile ya zamani haina mtu wa beseni. Hii inamkaribia.

Mekhi Phifer naye sina ugomvi naye. Sayers wake ni mkavu zaidi, ana tahadhari ya kijana mweusi wa miaka ile anayejua kwamba kila neno lake linapimwa, na filamu inatulia zaidi kwenye suala la rangi kuliko ile ya kwanza. Ya 1971 iliisema rangi kwa haraka na mzaha, pengine kwa sababu watazamaji wake walikuwa bado wamo ndani ya moto wenyewe. Martin Luther King aliuawa Aprili 1968, mitaa ya Chicago ikaungua, na hawa wawili walikuwa wanalala chumba kimoja.

Tatizo la ya 2001 ni kwamba kila aliyemo ameshaona ya 1971. Sean Maher ni kijana mzuri, ana uso unaopendeka, lakini Piccolo wake anajua atakufa tangu anapotoka kwenye gari. Anatania kwa upole. Piccolo wa Caan alikuwa anaudhi, na hiyo ndiyo siri: mtu anayeudhi ukimpoteza pengo lake ni kubwa, kwa sababu nyumba inanyamaza ghafla. Huyu wa pili ni mtakatifu tangu mwanzo, na mtakatifu akifa unasikitika kwa adabu. Muziki nao unakushika mkono kila mahali, unakuonyesha pa kuhuzunika. Ya zamani ina wimbo wa Michel Legrand, nao ni wa kuliza, sikatai, lakini unajua kunyamaza.

Ben Gazzara ndiye Halas wa 2001. Mzee wangu alimkataa katakata: "Huyo si Papa Bear, huyo ni mtu wa benki." Papa Bear ndilo jina ambalo Chicago nzima ilimwita Halas. Nilijaribu kumtetea Gazzara, mwigizaji mkubwa yule, mzee akaniambia nikamletee dawa zake za saa mbili.

Jambo moja ambalo filamu ya kwanza imelifanya kwa uaminifu, na ambalo wenzetu wa sinema huwa wanashindwa, ni kutodanganya kuhusu ushindi. Sayers anawaambia wachezaji wenzake chumba cha kubadilishia nguo kwamba Brian ana saratani, washinde mechi hii wampelekee mpira. Katika filamu mia utaona wanashinda. Bears wa 1969 walishinda mechi 1 kati ya 14, na hiyo moja waliipata kabla Piccolo hajajitoa uwanjani kule Atlanta. Kwa hiyo wanaapa, wanatoka machozi, wanaingia uwanjani, wanafungwa. Nani angetunga hivyo?

Nimeulizwa na mwenzangu mwingine wa kazini kwa nini filamu zote mbili hazisemi neno la maana kuhusu matibabu. Nadhani kwa sababu wakati ule hakukuwa na mengi ya kusema. Dawa iliyogeuza saratani za aina hii kuwa ugonjwa ambao wengi huupona, sisplatini, iliidhinishwa Marekani mwaka 1978. Ya 1971 isingeweza kujua. Ya 2001 ingeweza angalau kuandika mstari mmoja wa maana juu ya hilo mwishoni, maana kijana wa miaka 26 mwenye uvimbe uleule leo anaanza safari nyingine kabisa, na mfuko wa utafiti wa saratani unaobeba jina la Piccolo umekuwa ukichangisha fedha miaka yote hii.

Sayers mwenyewe alifariki Septemba 2020, baada ya miaka kadhaa ya kuugua ugonjwa wa kusahau. Jezi zao, namba 40 na namba 41, Bears hawampi mtu mwingine.

Ya manunuzi: manukuu ya Kiswahili sijayaona kwenye yoyote kati ya hizo mbili, na kwenye ya 1971 Caan anaongea haraka, kwa hiyo kama Kiingereza chako ni cha shule washa maandishi ya Kiingereza. Picha ya zamani ina chengachenga, hasa vipande vya mechi, kwa sababu ni mechi za kweli zilizopigwa picha zikichezwa; usidhani umeuziwa nakala mbovu. Watoto wa miaka kumi na kuendelea wanaweza kuitazama mkikaa nao, ila muwe tayari kwa lile tusi, watauliza. Na kama kuna mtu wa saratani ndani ya nyumba, anza na ya 1971, mwachie yeye mwenyewe rimoti, na usimkatize akianza kucheka kwenye ile ya utumbo wa nguruwe.